Umemaliza BA, sasa ushike lipi? Mwongozo wa mtu wa Kiswahili na Historia

Kila msimu wa mahafali ukipita pale Mlimani, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Dada, nimemaliza BA. GPA siyo mbaya. Nifanye nini?" Huwa najibu mmoja mmoja, usiku, nikishamaliza kazi. Safari hii nimeona niandike kwa kirefu, kila mwenye swali hilo asome.

Mimi nilisoma Kiswahili na Historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, BA tupu, bila Elimu. Leo naishi Arusha, na kodi ya nyumba na ada ya mtoto zinatoka kwenye kutafsiri, kuhariri na kufundisha Kiswahili kwa wageni. Kwa hiyo nitazungumzia njia hizo kuliko nyingine. Aliyesoma uchoraji, muziki au sanaa za maonyesho atapata humu mambo ya kumfaa, hasa kwenye bei na mikataba, lakini soko lake lina wenyewe na sitajifanya nalijua.

Msimamo wangu ni huu: usitafute kazi yenye jina la shahada yako, kwa sababu haitangazwi. Tafuta kitu unachoweza kukitengeneza kwa lugha mpaka kikamilike, mtu akakipokea na kukilipia. Hati iliyotafsiriwa. Mswada uliosafishwa. Somo la saa moja. Mahojiano yaliyonukuliwa neno kwa neno. Chagua kimoja, kifanye kwa miaka miwili ya mwanzo mpaka watu wakikihitaji wakutaje wewe. Anayejitangaza kwa kila kitu mara moja hakumbukwi kwa lolote.

Serikalini: omba, lakini usikae kitako

Sikatazi mtu kusubiri mkeka wa ajira. Nakataza kusubiri tu. Fungua akaunti kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira wiki hiihii, ujaze kila kitu, na ufuatilie cheti chako halisi chuoni mapema. Matangazo yao husema wazi kwamba matokeo ya muda na karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, na kila mwaka kuna vijana wanaenguliwa kwa hilo tu. Kama majina yanatofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, vya shule na cha chuo, shughulikia hati ya kisheria ya kuoanisha majina (deed poll) sasa, usingoje siku ya usaili.

Nafasi za kuziangalia kwa mtu wa sanaa ni Afisa Utamaduni na Afisa Tarafa, pamoja na zile za wakalimani zinapotokea. Wengi hudharau kazi ya wilayani wakidhani inaua taaluma. Mzee Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza Makerere, akamaliza mwaka 1962, akaanza kama ofisa utawala Dodoma, na mwaka 1966 tayari alikuwa mhariri wa magazeti ya chama. Mtu wa lugha anayeijua wilaya, anayejua jinsi vikao vya kijiji vinavyoendeshwa na barua za serikali zinavyoandikwa, ana mtaji ambao aliyebaki mjini hana.

Na kama moyo wako uko darasani lakini hukusoma Elimu, daraja lipo: Stashahada ya Uzamili ya Elimu. Chuo Kikuu Huria wanaitoa, na unaweza kuisoma huku unafanya kazi. Hilo halihitaji maelezo zaidi.

Kazi ambayo wengi hawaioni: nyaraka za utafiti

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo mhitimu mpya mwenye bidii anaweza kuingia bila kumjua mtu mkubwa.

Tanzania ina utafiti mwingi: wa afya, kilimo, maji, elimu. Mtafiti anayekwenda kuwahoji watu lazima awe na fomu ya ridhaa, karatasi ya maelezo kwa mshiriki na dodoso, na vyote viwe katika lugha anayoielewa mshiriki. Kamati za maadili ya utafiti, ikiwemo ile ya taifa iliyo chini ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), huomba kuona toleo la Kiswahili kabla ya kutoa kibali. Maana yake ni kwamba nyuma ya kila mradi kuna mtu anayetafuta mtafsiri, na mara nyingi amechelewa.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake, na ukiujua utaonekana tofauti tangu barua pepe ya kwanza. Watafsiri wawili hutafsiri dodoso kila mmoja peke yake. Kisha wanakaa pamoja na kulinganisha, swali kwa swali, hadi wapate toleo moja. Mtafsiri wa tatu, ambaye hajaona Kiingereza cha mwanzo, analirudisha toleo hilo kwenye Kiingereza. Timu inaangalia wapi maana imehama. Mwishoni dodoso linajaribiwa kwa watu wachache wa kawaida: unamsomea mama muuza mbogamboga swali, halafu unamwomba akueleze kwa maneno yake ameulizwa nini. Akikueleza jambo jingine, swali limeshindwa, hata kama sarufi yake ni safi. Sipendi hatua hii irukwe. Nimekuwa nikiipigania kwenye kila mradi, kwa sababu mgonjwa anayeweka dole gumba kwenye fomu ambayo hakuielewa hajaridhia kitu chochote.

Hapo ndipo shahada yako inapofanya kazi. Miaka mitatu umefundishwa rejista (lugha inayofaa mahali na watu fulani), lahaja, muktadha, namna sentensi inavyomheshimu au kumdhalilisha msikilizaji. Daktari hana hilo. Fomu iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kanuni za serikali haitasomeka Kondoa wala Kilwa, na wewe ndiye unayejua kuilainisha bila kupunguza hata sharti moja.

Pamoja na tafsiri kuna unukuzi. Mahojiano hurekodiwa, halafu mtu anayasikiliza na kuyaandika, na pengine kuyatafsiri. Ni kazi ya kuchosha mgongo na masikio. Saa moja ya sauti inaweza kula saa nne hadi sita za kuandika, zaidi ikiwa ni majadiliano ya kikundi na watu wanaingiliana. Usikubali bei ya kazi hii kabla hujasikiliza dakika kumi za sauti yenyewe. Na ujue kwamba umepewa siri za watu: weka nywila kwenye kompyuta, usipeleke faili kwenye kundi la WhatsApp, na mkataba ukisema ufute, futa.

Kwa mtu wa Historia kuna mlango wa pembeni. Watafiti wa nje wanaokuja kwa kibali cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) huhitaji wasaidizi wanaoweza kukaa Nyaraka za Taifa, kusoma mafaili ya zama za Waingereza, kuandika muhtasari na kumbukumbu sahihi ya namba ya faili na ukurasa, au kwenda kijijini kuzungumza na wazee kwa adabu inayotakiwa. Kama uliandika tasnifu ya shahada ya kwanza kwa kutumia masimulizi ya wazee, hiyo ndiyo sampuli yako. Itoe kabatini.

Namna ya kutengeneza sampuli wakati hujawahi kupewa kazi: chukua waraka ulio wazi kwa umma, kwa mfano kipeperushi cha chanjo au mwongozo wa wakulima, tafsiri kurasa mbili, mpe mwenzako aliyesoma Isimu azikosoe bila huruma, zisahihishe, uziweke kwenye PDF moja, lugha ya chanzo kushoto na Kiswahili kulia. Fanya tatu za nyanja tofauti: afya, fedha, sheria. Mteja akiziona, hatakuuliza una uzoefu wa miaka mingapi.

Kufundisha Kiswahili kwa wageni

Watu hudhani kuzaliwa na lugha kunatosha. Hakutoshi, na mwanafunzi atakugundua ndani ya wiki moja, atakapokuuliza kwa nini ni "kitabu changu" lakini "rafiki yangu", nawe ukajibu "ndivyo tunavyosema". Rudi kwenye madaftari ya mofolojia, yale ya maumbo ya maneno. Yale uliyoyaona hayana kazi ndiyo utakayoyauza.

Kabla ya somo la kwanza, uliza maswali matatu: anakwenda kuishi wapi, atazungumza na nani, na ana muda gani. Daktari anayekwenda hospitali ya mkoa anahitaji kuuliza maumivu yako wapi na yameanza lini, siyo kuagiza chipsi mayai. Mtawa anayepelekwa Musoma atahitaji sala na salamu za wazee. Mwanafunzi wa uzamivu anahitaji kusoma magazeti na kuhoji. Ukimpa kila mtu kitabu kilekile kuanzia ukurasa wa kwanza, atakuacha.

Ngeli usizimwage zote kwa pamoja. Mimi huanza na ya watu, M-/WA-, kwa sababu mgeni anazungumza kuhusu watu tangu siku ya kwanza. Kisha KI-/VI-, ambayo upatanisho wake unasikika wazi. Nyingine zinafuata kadiri anavyozihitaji kwenye mazungumzo. Saa za Kiswahili zifundishe mapema kabisa, na umwambie athibitishe kila miadi kwa kutaja asubuhi au usiku, la sivyo ataachwa na basi. Salamu zipewe muda mrefu. Mgeni asiyejua kusimama na kuulizana habari za nyumbani kabla ya shida yake ataonekana hana adabu, hata kama vitenzi vyake havina kosa.

Jifunze pia vipimo vyao. Wanaotoka Ulaya hupima kwa ngazi kuanzia A1, ya anayeanza, hadi C2, ya aliyebobea. Wamarekani hutumia vipimo vya ACTFL, chama chao cha walimu wa lugha za kigeni, na Peace Corps, shirika lao la watu wa kujitolea, hupima wanafunzi wao kwa mtindo huo. Ukiweza kumwambia mwajiri kwamba mwanafunzi wako ameingia akiwa A1 na ametoka A2, na ukaonyesha rekodi ya sauti ya wiki ya kwanza na ya mwisho, umeongea lugha yake.

Mahali pa kuanzia: vituo vya lugha kama MS TCDC pale Usa River, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili kule Mlimani, na SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) kwa walio visiwani. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, lina kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili na huendesha mafunzo kwa wanaofundisha wageni, jisajili, uhudhurie. Kuna pia mpango wa Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, wa wasaidizi wa kufundisha lugha, unaowapeleka vijana kwenye vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, kama miezi 9 hivi, wakifundisha Kiswahili na kusoma kozi kadhaa. Ushindani wake ni mkali, na anayepita ni yule mwenye mwanafunzi wa kweli wa kumtolea mfano. Kwa hiyo fundisha kwanza hapa nyumbani, hata mgeni mmoja kwa intaneti.

Neno kuhusu matangazo makubwa. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, iliikubali lugha yetu kuwa rasmi mwaka 2019, UNESCO ikatangaza 7 Julai kuwa siku yake mwaka 2021, Umoja wa Afrika ukaifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Nilifurahi kila mara, na ninaamini nilichofurahia. Lakini tangazo la mkutano halikuletei mteja mlangoni. Linaongeza hati, vikao na madarasa, na kazi hiyo itachukuliwa na waliokwisha kujiandaa, wawe wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura.

Uhariri na ukalimani, kwa ufupi

Uhariri hauna haraka ya pesa, ila unakujenga. Wachapishaji kama Mkuki na Nyota hupokea miswada mingi kuliko wanavyoweza kuisoma, na mara nyingi huhitaji kibarua wa kusoma prufu, yaani nakala ya mwisho kabla ya kuchapwa. Jifunze alama za usahihishaji, jifunze kumwachia mwandishi sauti yake, na kila unapobadilisha uweze kusema kwa nini. Mashirika nayo yana ripoti za mwaka za Kiswahili zinazotia huruma. Huko malipo ni bora.

Ukalimani ni kitu kingine kabisa, na nawaomba msiuvamie. Arusha tuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, na ukumbi wa mikutano wa kimataifa wa AICC, kwa hiyo mahitaji yapo. Lakini katika ukalimani sambamba, ule wa kutafsiri huku msemaji akiendelea kuongea, wakalimani hukaa wawili kibandani na kupokezana kila baada ya dakika 20 au 30, kwa sababu ubongo hauhimili zaidi ya hapo. Anayekuita peke yako kwa kikao cha siku nzima anakuumiza wewe na wasikilizaji. Kama unautaka kwa dhati, anza na ukalimani fuatizi, ule wa kusubiri msemaji anyamaze kwanza, kwenye warsha ndogo, jifunze kuandika dondoo kwa alama zako mwenyewe, kila jioni fungua hotuba redioni uirudie kwa lugha nyingine, kisha uende ukasome. Chuo Kikuu cha Nairobi wana shahada ya uzamili ya ukalimani na tafsiri.

Bei, mkataba na mashine

Tafsiri hupangiwa bei kwa neno la matini chanzi, yaani maandishi unayoyatafsiri. Hesabu namna hii. Tuseme umeletewa mwongozo wa mafunzo wenye maneno 12,000. Mtafsiri makini hufanya kama maneno 2,000 kwa siku, hivyo ni siku sita za kutafsiri, na siku mbili za kusahihisha na kusoma kwa sauti. Jumla siku nane. Sasa jiulize siku yako ya kazi ina thamani gani ukijumlisha kodi ya nyumba, umeme, bando, nauli, kodi ya serikali na siku ambazo hutapata kazi. Ukifika shilingi 90,000, kazi nzima ni 720,000, yaani shilingi 60 kwa neno. Namba hizo ni za mfano, weka zako. La muhimu ni uanzie kwenye siku zako, usianzie kwenye bei aliyotaja jirani.

Omba nusu kabla ya kuanza. Andika, hata kwa barua pepe ya mistari mitano: idadi ya maneno, tarehe ya kukabidhi, bei, marekebisho yatakuwa ya mizunguko mingapi, malipo yatafanyika ndani ya siku ngapi. Chukua TIN (namba ya mlipakodi) mapema, kwa sababu mashirika mengi hayalipi bila hiyo. Yatakata kodi ya zuio, yaani kodi inayotolewa kabla hujalipwa, ya asilimia 5 ya malipo ya huduma. Dai cheti cha makato, utakihitaji unapowasilisha ritani, yaani hesabu zako za kodi.

Na mkopo wa Bodi ya Mikopo uliosomea chuoni usiufumbie macho. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, lakini aliyejiajiri naye anadaiwa, baada ya miezi 24 tangu amalize. Jipeleke mwenyewe, mpange utakavyolipa. Kuna mdogo wako kidato cha sita anayeingojea fedha hiyo.

Sasa, mashine. Wateja wengi siku hizi wanaleta maandishi yaliyokwisha kutafsiriwa na kompyuta wakisema "pitia tu kidogo". Usikubali wala usikatae hapo hapo. Omba ukurasa mmoja kutoka katikati ya hati, usahihishe huku ukitazama saa, halafu ukokotoe muda wa hati nzima na upange bei kwa saa. Kuna matini ambayo mashine imeifanya vizuri na kazi yako ni nyepesi. Kuna nyingine, hasa za sheria na afya, ambapo utalazimika kuanza upya, na mteja anapaswa kuambiwa hivyo kwa mfano wa sentensi mbili tatu zilizopotosha maana. Jifunze pia programu za kumbukumbu ya tafsiri, zinazohifadhi sentensi ulizokwisha kutafsiri. OmegaT ni ya bure, na inakusaidia kutumia istilahi ileile kuanzia ukurasa wa 1 hadi wa 200. Mteja wa kudumu hurudi kwa sababu ya uthabiti huo.

Barua ya kwanza

Usiandike "naomba kazi yoyote". Tafuta mradi wenye jina, soma wanachofanya, kisha umwandikie mtu mmoja anayehusika, kwa mistari michache:

"Habari za kazi, Daktari. Mimi ni mtafsiri wa Kiingereza na Kiswahili, mhitimu wa BA ya Kiswahili na Historia. Nimeona mradi wenu wa lishe ya watoto Manyara unaingia hatua ya kukusanya data. Natafsiri madodoso na fomu za ridhaa, pamoja na kuzijaribu kwa wazungumzaji kabla hazijatumika. Naambatisha sampuli mbili za nyanja ya afya. Niko tayari kutafsiri ukurasa mmoja wa dodoso lenu ili muone kazi yangu. Ahsante kwa muda wako."

Ukurasa mmoja, siyo kumi; anayetaka kumi za bure anataka kazi ya bure. Tuma asubuhi ya siku ya kazi, sampuli ziwe na majina yanayoeleweka, namba ya simu iwe chini ya jina lako. Kama wiki mbili zimepita kimya, mkumbushe mara moja kwa adabu, kisha umwandikie wa mradi unaofuata.